Tathmini ya i3: mpangilio wa madirisha kwa karani wa korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa hapa Mtwara, karani wa chama cha msingi hulazimika kutazama kwa pamoja orodha ya wakulima, jedwali la kilo na stakabadhi za ghala. Kwa kazi hiyo, i3, programu ya kupanga madirisha kwenye mfumo wa Linux iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, imenifaa kuliko mazingira yaliyozoeleka ambamo madirisha hufunikana na kipanya hakipumziki.

Dirisha jipya halifuniki jingine, bali yote hugawana skrini. Tofauti na xmonad, programu nyingine ya aina hii yenye mipangilio iliyokwisha kuamuliwa ambayo mtumiaji huipokezanisha tu, i3 humwachia mwenyewe kila mgawanyo: akibonyeza Mod (kitufe cha amri za i3, kinachochaguliwa mwanzoni) pamoja na v, dirisha linalofuata hukaa chini ya lililopo, na akibonyeza Mod na h, hukaa ubavuni. Kwa kuwa mgawanyo mmoja huweza kuwekwa ndani ya mwingine, jedwali langu la kilo hubaki nusu ya kushoto, huku orodha na kikokotoo vikipangana kulia, juu na chini.

Laptopu yangu ya mtumba ina upana wa pikseli 1366, hivyo madirisha matatu yakiwekwa sambamba kila moja hupata kama 455 tu, na safu ya majina humeza nafasi hata kilo zisionekane. Hapo Mod na w huyageuza kuwa vichupo, kila dirisha likapata upana wote, na Mod na e hurudisha mgawanyo. Mpangilio wa rundo, unaopatikana kwa Mod na s, sijauona faida kwenye skrini fupi, maana kila kichwa cha dirisha hula mstari wake.

Udhaifu mkubwa ni kuhifadhi. Amri ya i3-save-tree huandika mpangilio kwenye faili, lakini faili hilo sharti lihaririwe kwa mkono ili lieleze dirisha lipi likae wapi, na likirejeshwa huleta fremu tupu tu, kwa sababu programu zenyewe hazifunguki. Umeme ukikatika na betri imechoka, hiyo ni kero ya kweli.

Anayeandika barua moja kwa siku asijisumbue nayo. Atakayeijaribu, i3 ikimuuliza mara ya kwanza kitufe cha Mod kiwe kipi, achague chenye nembo ya Windows, kwani Alt hutumika kufungulia menyu za LibreOffice, programu za kuandikia na majedwali.