Shimano TLD 25: rili ya kaskazi, matengenezo ya kusi

Shimano TLD 25 si rili (kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia) mpya wala si ya fahari. Imo sokoni miaka mingi, na kwenye boti za Malindi na Watamu utaikuta kwenye fimbo za kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, nyingine rangi imechujuka kwa jua. Uhakiki huu ni wa nahodha, baharia au mvuvi wa mapumziko ambaye mwezi wa Juni, bahari imechafuka na boti imepandishwa, anajiuliza kama rili aliyonayo itamfaa Novemba sulisuli wanapoanza kuja, au atafute nyingine.

Itamfaa, na kinachotufanya tuseme hivyo ni kwamba rili hii inafunguka. Fundi mwenye bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu, mswaki, mafuta ya taa na spiriti atairudisha kazini mezani kwake. Ila ifunguliwe wakati wa kusi. Ukisubiri matlai ianze kuvuma na wageni wameshaweka nafasi, utaifungua kwa haraka, utakuta beringi imeliwa na kutu, na ya kubadilisha haipo mjini.

Fremu ni ya grafaiti, spuli, yaani kigurudumu kinachobeba uzi, ni ya alumini, breki ni ya wenzo. Wenzo ukiwa nyuma kabisa spuli huzunguka huru. Ukisukumwa mbele breki hubana kidogo kidogo hadi kwenye kituo cha kunasia samaki, na mbele ya kituo hicho kuna akiba ya dharura. Gia ni moja, 3.6 kwa 1: mkono ukizunguka mara moja, spuli huzunguka mara 3.6. Uzito wake ni kama kilo moja, na hubeba zaidi ya mita 400 za uzi wa nailoni wa ratili 30, yaani unaokatika kwa uzito huo. Kwa sulisuli, fulusi, nguru, kolekole na jodari wa wastani, hayo yanatosha kabisa.

Pale yanaposhindwa kutosha ni kwa samaki anayezama. Jodari mkubwa akishuka wima chini ya boti, gia moja ya 3.6 inamchosha mvuvi kabla ya samaki, na fremu ya grafaiti huanza kupinda breki ikibanwa sana. Ikipinda, gia hazikutani vizuri. Kwa hiyo anayekwenda North Kenya Banks, kwenye miinuko ya chini ya bahari mbali na pwani, kutafuta nduwaro mkubwa asiitegemee. Achukue rili ya gia mbili yenye fremu ya alumini, ya uzi wa ratili 50 au 80. Tunasema hivi bila kuitoa kasoro TLD 25, maana haikuundwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kushika bisibisi, rudi kwenye daftari la msimu uliopita. Kila samaki aliyepotea alipotea mahali fulani kwenye zana, na ncha ya uzi uliokatika hueleza wapi. Ncha iliyojikunja mviringo kama mkia wa nguruwe ni fundo lililoteleza: uzi haukushindwa, aliyefunga hakulainisha fundo kwa mate wala hakulikaza pole pole. Ncha iliyokatwa safi ni meno, na hapo ungehitaji waya au nailoni nene zaidi upande wa ndoana. Ncha iliyochakaa, yenye manyoya, ilisuguliwa na pete ya fimbo iliyopasuka, au rola, yaani kigurudumu cha kupitishia uzi kwenye fimbo, iliyogoma kuzunguka kwa chumvi. Ncha iliyovutika ikawa nyembamba kabla ya kukatika ni breki iliyobana kupita kiasi. Na kama uzi ulikatika papo hapo samaki alipoanza mbio, shuku breki inayoshika na kuachia kwa vishindo. Boti isiyo na daftari isimamishe baharia wake wakumbushane sasa. Ikifika Oktoba hakuna atakayekumbuka.

Tuanze na breki, maana ndiyo iliyotufanya tuipende rili hii na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Uzi wa ratili 30 hukatika kwenye kilo 13.6 hivi. Wenzo ukiwa kwenye kituo cha kunasia, breki inatakiwa kuachia uzi kwenye robo hadi theluthi ya hapo, yaani kilo 3.4 hadi 4.5. Kwa sulisuli wa kuachiliwa, anayevuliwa kwa ndoana za duara, kaa upande wa robo. Usipime kwa mkono. Mkono hudanganya, na ule uliochoka hudanganya zaidi. Tumia mzani wa springi. Ule wa wachuuzi wa samaki unafaa, mradi uukague kwanza kwa dumu la maji: pima dumu tupu, litie lita 5 za maji matamu, mzani uongezeke kilo 5. Kisha funga rili kwenye fimbo yake, pitisha uzi kwenye pete zote, mmoja aishike fimbo imeinuka kama nyuzi 45, mwingine avute mzani taratibu akirudi nyuma.

Soma namba mara mbili: spuli inapoanza kusogea, na inapokuwa mwendoni. Namba hizo zikikaribiana, sahani ya breki ni safi. Ya kwanza ikiizidi sana ya pili, breki ina uchafu, ina mafuta yasiyo yake, au imebonyea. Vuta mita kumi, pima tena. Vuta kumi nyingine, pima tena. Breki nzuri haibadiliki sana ikipata joto.

Kurekebisha kuna utaratibu wake. Kitasa kidogo cha kupangia nguvu ya breki kizungushwe wenzo ukiwa nyuma kabisa tu. Zungusha kidogo, sukuma wenzo hadi kituo, pima, rudisha nyuma, zungusha tena. Anayekizungusha wenzo ukiwa mbele anakwaruza sehemu za ndani. Na anayekikaza mno ataona wenzo ukiwa nyuma kabisa spuli bado inaburuza, haizunguki huru. Hiyo ni dalili kwamba unadai breki kubwa kuliko rili ilivyopangiwa.

Jambo moja wageni wengi hawalijui, na baharia anapaswa kuwaambia kabla ya rili ya kwanza kulia: breki haibaki vilevile samaki anapokimbia na uzi. Kadiri spuli inavyopungua, ndivyo nguvu inayotakiwa kuuvuta uzi inavyoongezeka. Kipenyo cha uzi uliozungushwa kwenye spuli kikibaki nusu ya kilivyokuwa, kilo 4 zimekuwa kilo 8, na bado hujahesabu maji yanayouburuza uzi mrefu ulio nje. Kwa hiyo samaki akiwa mbali, wenzo hurudishwa nyuma kidogo. Mtu akishikwa na hofu ya kuishiwa uzi husukuma mbele, na hapo ndipo uzi hukatika.

Rili ikiwekwa stoo wenzo uwe nyuma kabisa. Ikikaa miezi mitatu ya kusi wenzo uko mbele, sahani ya breki hubonyea ikabaki hivyo, na Novemba utapata vile vishindo.

Sasa kufungua. Tandika kitambaa cheupe, toa uzi wote kwanza, legeza kitasa cha breki, ndipo utoe skrubu za bamba la ubavuni. Piga picha kwa simu kila hatua. Kwenye mhimili wa spuli kuna visahani vya springi vilivyobinuka, vimepangwa kwa upande maalumu, viwili viwili vikitazamana au vikilaliana. Ukigeuza kimoja, wenzo utabana mapema au utachelewa, na hutaelewa kwa nini. Hapo ndipo mafundi wengi wa mara ya kwanza hukwama, si kwa ugumu bali kwa kukosa picha.

Sehemu za chuma zioshe kwa mafuta ya taa na mswaki, isipokuwa sahani ya breki na uso inaokutana nao. Hizo zifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, maana mafuta ya taa huacha utando. Ukipaka grisi kwenye breki iwe ile iliyotengenezwa kwa breki za rili, tabaka jembamba linaloonekana kama limefutwa. Grisi ya magari isikaribie hapo. Beringi za spuli ziloweke, zizungushe kwa kidole, zikaushe, zizungushe tena. Ikikwaruza baada ya kuoshwa mara mbili, badilisha. Zilizo nzima zipewe grisi ya baharini, lakini usizijaze hadi ifurike, kwa sababu ziada husafiri hadi kwenye breki.

Ndimi za kuzuia mkono usirudi nyuma zipewe mafuta mepesi tu. Grisi nzito huzigandisha zikashindwa kurudi kwenye meno, mkono ukazunguka kinyume ukampiga mvuvi vidole. Springi zake ni nyembamba na hupata kutu mapema; tunashauri zibadilishwe bila kungoja zivunjike. Meno ya kila skrubu yapakwe grisi kidogo kabla ya kuirudisha. Chuma cha pua kikikutana na alumini penye chumvi, alumini huliwa, na ule unga mweupe unaouona kuzunguka vichwa vya skrubu ndio huo.

Unga huohuo utafute chini ya spuli. Chumvi hushuka pamoja na maji hadi safu za mwisho za nailoni na kukaa pale msimu mzima bila kuonekana. Osha kwa maji matamu ya uvuguvugu na brashi laini, kausha kivulini. Alama ndogo si neno. Mashimo yanayokwaruza ukucha yatakula uzi mpya.

Uzi wenyewe hatushauri uingie msimu wa pili ukiwa ule ule wa juu. Nailoni huchoka kwa jua, na jua la Malindi ni kali. Kama pesa imebana, ugeuze: upitishe kwenye rili nyingine ili sehemu ya chini, ambayo mara nyingi haijaona jua, iwe juu. Hilo lafaa mara moja tu, na liwe baada ya kuuosha. Ukijaza, uzi uingie ukiwa umebanwa kwa kitambaa chenye maji, kilo 2 hivi, ukiwa umesambaa sawasawa kushoto na kulia, na uishie milimita 3 hadi 4 chini ya ukingo. Uzi uliojazwa ukiwa legevu hukubali bandarini. Samaki akivuta, safu ya juu huzama katikati ya zile za chini, hukwama, na kukatika. Uzi mkuukuu ukatwe vipande vifupi na uingie pipani. Kasa wanaotaga Watamu hawana namna ya kujinasua nao.

Boti za Malindi zina tatizo ambalo za kwingine hazina sana. Mto Sabaki unapofurika, maji ya udongo husambaa baharini, na samaki wazuri hupita pale maji mekundu yanapokutana na ya buluu. Ukirambaza kwenye ukingo huo, udongo laini hushika kwenye uzi na kuingia kwenye rola za fimbo. Siku hizo uzi ufutwe kwa kitambaa chenye maji matamu unapokusanywa mara ya mwisho, na rola zizungushwe moja moja kwa kidole. Kwa fimbo za pete, pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi, pete imepasuka hata kama jicho halioni.

Baada ya kila safari: breki ikazwe, rili inyunyiziwe maji matamu kama manyunyu, ifutwe, ilegezwe, ikauke penye hewa. Mpira wa maji wenye kasi haufai, kwani unasukuma chumvi ndani. Wala usiifunike kwenye mfuko ikiwa mbichi.

Nyingi zinazouzwa hapa ni za mkono wa pili, kutoka boti zinazobadilisha zana. Vichwa vya skrubu vilivyotafunwa maana yake imefunguliwa na asiyejua. Sukuma wenzo polepole, usikie unabana kwa usawa bila kituo cha ghafla. Wenzo ukiwa nyuma, piga spuli kwa kidole: izunguke kimya, isiburuze. Itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Mwombe muuzaji akuruhusu kutoa uzi uone chini ya spuli, akikataa, mwachie. Tazama pia vikuku vya kuifungia kwenye fimbo, nati zake hupotea na boti nyingi huweka za chuma cha kawaida ambazo huozea palepale.

Kwa boti inayorambaza fimbo nne, tungeweka TLD 25 mbili au tatu na rili moja nzito ya gia mbili kwa ajili ya asiyetarajiwa. Na vipuri vya kuwa navyo kabla ya Septemba ni sahani moja ya breki, beringi mbili za spuli, ndimi na springi zake, na skrubu chache za bamba. Viagizwe kwa namba zilizo kwenye mchoro wa toleo lako, kwa kuwa TLD 25 imetoka kwa matoleo zaidi ya moja na vipuri havioani vyote.