Elden Ring mara ya pili: mhusika yuleyule au mpya?
Ukishamaliza Elden Ring, mchezo wa video uliotolewa mwaka 2022 na FromSoftware ya Japani, unaweza kurudi mwanzo na mhusika yuleyule. Levo (ngazi ya nguvu za mhusika), silaha na uchawi unabaki navyo, ila maadui wanazidi makali. Kule Limgrave, eneo la mwanzo la mchezo, yule mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu aliyekutoa jasho siku ya kwanza sasa hamalizi dakika. Raha, lakini mimi ilinichosha upesi: mapango nayapita tu, humo hamna cha kunifaa.

Au uanze upya. Kati ya aina 10 za wahusika nilimchukua Wretch: levo 1, rungu mkononi, kitambaa kiunoni, basi. Mpanda farasi nikamzunguka kwa mbali, nimejikunja vichakani kama mwizi wa kuku. Na mapango yale? Nimeingia hadi mwisho, natafuta hata panga bovu.