Samuel Kuffour au John Mensah?

Wote wawili walikuwa mabeki wa kati wa Ghana, ila njia zao hazifanani. Mensah alizunguka kweli: Bellinzona ya Uswisi, Chievo, Modena na Cremonese za Italia, Rennes na Lyon za Ufaransa, kisha Sunderland kwa mkopo. Majeraha yalimwandama, na beki anayehama huku akijiuguza hapati nafasi ya kuota mizizi.

Kuffour alidumu Bayern Munich zaidi ya miaka 10, ndipo akaenda Roma, Livorno na Ajax. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1999 pale Barcelona bado naiona: Manchester United wamefunga mawili dakika za majeruhi, naye yuko chini, anapiga nyasi kwa ngumi. Mwaka 2001 alilibeba kombe hilohilo, na Novemba akafunga bao pekee dhidi ya Boca Juniors ya Argentina mjini Tokyo, katika Kombe la Mabara.

Kwa klabu, namchukua Kuffour bila kusita. Kwa Black Stars, timu ya taifa ya Ghana, hapana. Kombe la Dunia 2006 kosa lake liliwapa Italia bao la pili. Mensah, nahodha wa Kombe la Dunia 2010, alikosa penalti ya matuta dhidi ya Uruguay robo fainali, na iliniuma sana, lakini bado ningempanga yeye kwanza.