Vikombe vya kupimia vya Kikuubo: vinafaa wapi na vinakwama wapi

Seti ninayoizungumzia ina vikombe vinne vya chuma kisichoshika kutu, vimeunganishwa kwa pete: kizima, nusu, theluthi na robo, pamoja na vijiko vyake vidogo. Niliinunua Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, kwa shilingi 25,000. Muuzaji alianzia 35,000, na nilipogeuka kama naondoka akaniita, "Nyabo (yaani mama), rudi tuongee." Tukaongea.

Mimi napika kwa oda: mandazi na chapati za ofisini, pilau ya shughuli, na keki pale mtu anapoomba. Nyumbani nina baba mwenye kisukari. Kwa hiyo vikombe hivi vimefanya kazi pande mbili, kwenye unga wa biashara na kwenye sahani ya mzee, na kusema kweli vimenifaa zaidi kwenye sahani.

Kabla hujatoa hela, angalia kwenye mpini pameandikwa mililita ngapi. Hivi vyangu vimegongwa 240, ambacho ndicho kikombe cha Marekani kinachotumika kwenye maandishi ya pakiti za vyakula. Cha mapishi yao ni kama 237, tofauti isiyomsumbua mtu. Australia na Afrika Kusini kikombe ni 250. Vitabu vya zamani vya Waingereza vinahesabu nusu painti, yaani 284, na Wajapani wana chao cha 200. Ukipika kitu ambacho kila kiungo kinapimwa kwa kikombe, tumia chochote kilichoko kabatini, mradi ni kilekile mwanzo hadi mwisho, maana uwiano haubadiliki. Kasheshe huanza pale mapishi yanapochanganya vikombe na vitu vinavyohesabiwa. Mayai matatu ni mayai matatu popote duniani. Ukiyaweka kwenye unga uliopimwa kwa kikombe cha 284 wakati aliyeandika alikuwa na cha 237, keki itatoka kavu, na utaanza kulaumu oveni.

Sisi huku Uganda tuna tumpeco. Ndicho kikombe cha chai, cha uji, cha kuogea watoto, na ndicho kipimo cha sokoni: mchele, maharage, karanga, vyote vinauzwa kwa tumpeco, vimepandishwa mlima juu, halafu unadai nyongeza yako. Tumpeco ni nusu lita. Ina maana mapishi yakitaka vikombe viwili vya maharage nawe ukachota tumpeco mbili, umeweka zaidi ya mara mbili kabla hata ya ule mlima. Kwa maharage si neno, majirani wapo. Kwa chumvi au magadi ni habari nyingine.

Nilivipima kwa mizani yangu ndogo ya betri, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja na huhitaji hesabu ya ziada. Kizima kilisoma gramu 238, nusu 119, robo 60. Hapo nikaridhika. Theluthi ikasoma 73, wakati ilipaswa kufika 80. Ukimimina theluthi tatu ndani ya kikombe kizima, unaona kabisa maji hayagusi ukingo. Sijui aliyetengeneza alikuwa na haraka gani, lakini kikombe hicho kwangu sasa ni cha kuchotea sukari ya chai tu. Kama huna mizani, nunua chupa ya maji ya nusu lita iliyofungwa. Inatakiwa ijaze kikombe cha 240 mara mbili na kubakiza mililita 20, sawa na kijiko kikubwa kimoja na cha chai kimoja. Ikibaki nyingi kuliko hapo, kikombe ni kidogo. Mwombe muuzaji akubadilishie. Akikataa, angalau umejua.

Sasa unga wa ngano, ambao ndio unaowagombanisha wapishi na vikombe. Kikombe kilekile, unga uleule, uzito unategemea mkono. Nikiukoroga unga kidogo kwenye ndoo, nikaujaza kwa kijiko bila kuutikisa, kisha nikafuta juu kwa mgongo wa kisu, napata gramu 120 hadi 125. Nikitumbukiza kikombe ndani ya ndoo na kuchota kama anayechota mchanga, nafika 150 bila kujua. Ukikigonga mezani ili "kukaa vizuri", unazidisha tena. Pakiti ya kilo mbili inatoa vikombe 16 kwa njia ya kwanza na kama 13 tu kwa ya pili. Msichana anayenisaidia alikuwa anachota, mimi nafuta kwa kisu, na ndiyo maana chapati zake zilihitaji maji zaidi na bado zilikuwa ngumu zikipoa. Wateja walikuwa wanazijua za nani ni zipi. Tulipokubaliana sote kutumia kijiko na kisu, maneno yalikwisha.

Sukari haina visa hivyo: gramu 200 kwa kikombe, hivyo kilo ni vikombe vitano. Mchele nao uko karibu na hapo. Mafuta, maji na tui pima kwa jagi lenye mistari, usitumie vikombe hivi, kwa sababu vinapimia ukingoni na huwezi kubeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni kutoka kwenye mtungi hadi kwenye sufuria bila kumwaga. Jagi liweke mezani, uiname mpaka jicho lilingane na mstari. Ukilitazama kwa juu linakudanganya. Karanga za kusaga kwa ajili ya sosi ya binyebwa hung'ang'ania chuma, basi paka mafuta kidogo ndani ya kikombe kwanza, zitateleza zenyewe.

Anayeuza bidhaa, namshauri anunue mizani pia. Siku ya mandazi ya ofisi tatu sigusi vikombe kabisa, napima gramu moja kwa moja kwenye beseni. Vikombe navitumia kwa oda ndogo, na pale ninapofuata mapishi ya mtu aliyeandika kwa vikombe.

Neno la haraka kwa wenye majiko ya umeme ya kupikia wali: kile kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi ni cha mililita 180, na mistari ya maji kwenye sufuria yake imepangwa kwa hicho. Ukitia mchele vikombe vinne vya 240 halafu ukajaza maji hadi mstari wa nne, wali utatoka mbichi katikati. Kikombe cha boksi usikitupe.

Nirudi kwa baba. Nesi wa kliniki alimwambia wali usizidi kikombe kimoja kwa mlo, na mzee akatii kama askari. Kikombe chake kikawa tumpeco, imeshindiliwa kwa mwiko hadi ukingoni. Kikombe cha 240 cha wali mweupe kina takriban gramu 45 za wanga. Tumpeco ile ilikuwa inampa zaidi ya 90, naye anaapa kwamba amefuata maagizo, na kwa haki hakudanganya. Tukarudi kliniki na kikombe changu cha chuma mkononi. Nesi akakigeuza, akasoma mpini, akasema, "Ee, hiki. Na usishindilie."

Siku ya kwanza nilipompakulia kwa kikombe hicho, alikitazama kile kirundo katikati ya sahani, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni cha kuonja au ndiyo chakula chenyewe?" Tukabadilisha sahani nzima. Nusu yake sasa ni mboga, dodo au nakati, ambazo kwa bahati anazipenda; robo ni wali au posho (ugali); robo iliyobaki ni samaki au maharage. Maharage yaliyochemshwa napima nusu kikombe, maana nayo yana wanga, kitu ambacho wengi hudhani hakimo. Sahani inaonekana imejaa na malalamiko yamepungua, ingawa jicho lake bado linafuata sufuria ikirudishwa jikoni. Kila mgonjwa ana kiasi chake. Cha baba yangu usimpe baba yako kabla ya kuuliza.

Hapo nimejifunza na hesabu ya mbichi na iliyoiva. Mchele ukiiva unakuwa kama mara tatu, kwa hiyo kupata kikombe kimoja cha wali wake natia theluthi ya kikombe cha mchele (najaza robo na kuongeza kidogo kwa kukadiria, kwa sababu ya ile theluthi mbovu). Maharage makavu kikombe kimoja hutoa viwili na nusu hadi vitatu. Posho hunata, basi chovya kikombe kwenye maji kabla ya kuchota, kisha kipindue juu ya sahani, linatoka zima. Matoke nimeshindwa. Yakitoka kwenye majani ya mgomba huwezi kuyapima kwa kikombe bila kuyaponda upya, na mzee hataki kuona mtu akiyachezea matoke yake, kwa hiyo hayo nakadiria kwa macho.

Uimara: chuma chenyewe kizuri, hakijashika kutu wala kubadilika rangi. Namba zimegongwa kwenye mpini, hazikuchapwa kwa wino. Hilo litazame sana unaponunua, kwa sababu vya plastiki nilivyokuwa navyo awali vilifutika vyote kwa steelwaya na maji ya moto, nikabaki nakisia. Mpini wa kikombe kizima umepinda kidogo kwa kuchotea samli iliyoganda. Pete inakera, maana ukitaka robo lazima uoshe vyote vinne, kwa hiyo niliitoa nikaitundikia funguo.

Kwa bei ile ningevinunua tena, ila ningepima theluthi palepale dukani. Kwa sasa natafuta seti yenye theluthi mbili na robo tatu ndani yake. Kama kuna aliyeiona Nakasero au kwingineko hapa mjini, aniambie duka na bei ya mwisho, siyo ile ya kuanzia.