Altezza na GX100: injini 1G sawa, lakini 1G ya mwaka gani?

Haya wakuu, habari za saa hizi. Niko gereji hapa Mwanga, Kigoma, na mezani nina silinda hedi mbili, yaani kile kipande cha juu cha injini kinachobeba valvu. Msiangalie vumbi, angalieni hedi. Hii ya kushoto ni ya 1G-FE, injini ya Toyota ya silinda 6. Hii ya kulia nayo ni ya 1G-FE. Ukimpigia muuza spea wa Dar ukamwambia "nataka hedi ya 1G", anaweza kukutumia yoyote kati ya hizi mbili na asiwe amekudanganya. Hii ya kushoto imefika hapa kwa staili hiyohiyo, na kosa ni la kwangu. Nitawaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu magari yenyewe. Altezza ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998, ikaisha 2005. Yenye 1G ndiyo AS200, chesisi GXE10, na ndani ina 1G-FE ya VVT-i (nitaieleza mbele), nguvu ya farasi 160. Ulaya waliiuza kama Lexus IS 200, kwa hiyo spea ukizikosa kwa jina la Altezza, tafuta kwa jina hilo. Mwenye AS200 hana cha kuwaza sana, maana zote zimetoka na 1G hii mpya.

Kimbembe kiko kwa ndugu zake: Mark II, Chaser na Cresta za GX100. Hizi zilianza 1996 zikiwa na 1G ya zamani, farasi 140, ukoo mmoja na ile ya GX90, toleo lililozitangulia. Mwaka 1998 Toyota wakazifanyia marekebisho, wakaingiza 1G ya VVT-i. Jina la injini halikubadilika. Chesisi ikabaki GX100. Sasa wewe uko Kigoma, umeshika simu, unasema "GX100, 1G", unadhani umemaliza kila kitu!

Sogeza kamera hapa, kijana. Karibu zaidi. Mnaona hili tundu kwenye hedi ya kulia, na hizi njia za oili? Hapa inakaa valvu ndogo ya umeme inayopeleka oili kwenye puli ya kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Oili ikiingia kwa presha, ile puli inaigeuza kamshafti kidogo, valvu za kuingiza hewa zinafunguka mapema au zinachelewa kulingana na mwendo. VVT-i ndiyo hiyo, hakuna uchawi. Ndiyo maana nawapigia kelele kuhusu oili: ukiweka oili chafu, njia hizi zinaziba, halafu unakuja kuniambia gari imekuwa nzito. Hamia kushoto sasa. Tundu hakuna. Hata ukiwa na mashine ya kuchonga, huwezi kuifanya hedi hii iwe ile.

Tofauti nyingine unaiona ukifungua boneti tu, na mimi hii ndiyo naiamini kuliko kadi ya gari, kwa sababu injini za huku zimeshahamishwa sana. Ya zamani ina distributa, kifaa cha kugawa moto wa plagi, na waya za plagi zinatoka pale kwenda silinda zote sita. Mpya haina distributa, kila plagi imekaliwa na koili yake. Ukiona waya ndefu sita, ni ya zamani. Ukiona koili sita, ni mpya. Piga picha, mtumie muuzaji kabla hujatuma hela.

Lakini hayo yote ni ya kupoteza nauli tu. Linalovunja mfuko liko kwenye mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti.

Injini ya zamani ni mpole. Mkanda ukikatika, gari inazima, unasukuma pembeni, fundi anafunga mkanda mpya, unaondoka. Valvu hata ikibaki wazi, pistoni ikipanda haiifikii. Mafundi wengi tumelelewa na hiyo, mimi mmojawapo. Ndiyo maana mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliponiletea Chaser yake ya 1999 kwa huduma ya kawaida, nikaona mkanda una nyufa, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Mzee wangu, hiyo 1G, ukikatika tutafunga mwingine."

Ukakatika njiani akitoka Kasulu. Ikavutwa mpaka hapa. Nikafunga mkanda mpya, nikapiga starti, injini ikazunguka nyepesi kama imetolewa plagi. Wenzangu mafundi wanaijua ile sauti: valvu hazifungi, hewa haibanwi. Moyo ukaniruka.

Angalieni hii valvu nimeitoa kwenye hedi ya kulia, ndiyo ya Chaser ya mzee. Naiweka juu ya kioo, naiviringisha. Mnaona kichwa kinavyopanda na kushuka? Imepinda. Na zilikuwa 11 za namna hii kati ya 24. Kwenye pistoni kila iliyogongwa ilikuwa na alama ya mwezi mchanga. Kwenye 1G ya VVT-i valvu na pistoni zinatumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaozipangia zamu.

Nikaagiza hedi ya mtumba kwa haraka, nimechanganyikiwa, nikasema "ya GX100". Ikaja hii ya kushoto kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000, nauli juu yangu. Mzee nilimwambia ukweli, na gharama ya hedi ya pili tuligawana. Aliniangalia tu akasema, "Fundi, si ulisema tutafunga mwingine?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kama una Altezza au GX100 ya koili sita, ratiba ya Toyota kule Japani ni kubadili mkanda kila kilomita 100,000, lakini namba zilizoko kwenye dashibodi ya gari ya mtumba mimi sizihesabu. Gari ikishuka meli na huna historia yake, badili mkanda. Badili na tenshena yake inayoukaza, na oili sili za mbele, maana oili ikiuvujia mkanda mpya, umetupa hela.

Wa Altezza RS200, najua mnasubiri. Ninyi mna 3S-GE, silinda 4, VVT-i kwenye kamshafti zote mbili, na hedi Yamaha walishiriki kuitengeneza. Mkanda wenu nao ukikatika valvu zinagongwa. Na ukinunua hedi uliza imetoka gia gani: ya manyuo, farasi 210, ina valvu za titani, ya otomatiki, farasi 200, haina. Ya kwenu nitaitengenezea video yake.

Chaser ya mzee hiyo hapo nyuma yangu, hedi sahihi imefungwa jana usiku. Taimingi nimeihakiki mara tatu, injini nimeizungusha kwa mkono mizunguko miwili mizima, haijakwama popote. Mzee mwenyewe kasimama pale mlangoni, hataki kuonekana kwenye kamera.

Kijana, piga starti.