Taa ya injini imewaka kwenye Noah: mashine ipi ya kupimia ununue ukiwa Mtwara

Taa ya injini iliniwakia Mingoyo, tukienda harusini Lindi, Noah imejaa hadi mlangoni. Mama mkwe, aliyekaa mbele, ndiye aliyeiona. “Baba Zuhura, hiki kidude cha njano kinataka nini?” Nikamjibu si kitu, mama. Kabla hatujaingia Lindi gari likaanza kumisi, injini ikikatakata, na taa nayo ikawa inawaka na kuzima.

Fundi niliyempelekea alisikiliza mlio dakika mbili, akasema oksijeni sensa. Nikanunua, akafunga, akachomoa tamino ya betri ili taa izime. Ikazima siku moja na nusu. Hapo ndipo nilipotafuta mashine yangu mwenyewe ya kusoma namba za hitilafu. Ikaniandikia P0301, yaani silinda namba moja inamisi. Nikachomoa koili (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi) ya namba moja nikaichomeka namba tatu, ya tatu nikaileta kwenye moja, nikafuta namba kwenye mashine, nikaenda Naliendele na kurudi. Taa ikawaka tena, safari hii P0303. Koili ilikuwa imehama na ugonjwa wake. Sensa ya zamani ilikuwa nzima; iko kabatini hadi leo, na mke wangu hukumbusha bei ya ile mpya kila ninapotaja gereji.

Sasa, kabla hujaagiza chochote Kariakoo, jua Noah yako ni ipi. Marekani ililazimisha magari madogo yote mapya kuwa na mfumo wa OBD2, unaoruhusu mashine ya kupimia kusoma hitilafu za gari, tangu 1996, lakini Noah zetu zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na sheria hiyo haikuzihusu. Ndiyo maana unaweza kuchungulia chini ya usukani ukakuta tundu lile lile la pini 16, ukachomeka mashine nzuri tu, ikakujibu kwamba haiwasiliani na gari. Tundu ni moja, lugha ni nyingine. Noah ya kuanzia 2007 kwa kawaida husomeka bila shida. Ya 2001 hadi 2007 ndiyo yenye visa, na ndiyo niliyonayo mimi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kile kidude kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Si kwa sababu bei yake ni rahisi kuliko vyote, ingawa ni kweli. Ni kwa sababu programu kama Car Scanner inakuruhusu kuchagua gari la Toyota la soko la Japani, na hapo kinachokataa kwenye mashine nyingine mara nyingi kinafunguka. Tena simu inakuonyesha mambo yakitokea: joto la maji, oksijeni sensa inavyopanda na kushuka, hewa inayoingia. Namba ya hitilafu peke yake ni malalamiko ya gari, haikutajii kifaa cha kununua. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa hosi iliyopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi la barabara, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ukiona vipimo ndipo unapojua pa kuanzia.

Ila ELM327 ina mtego. Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo ilifunga kazi 2022, na karibu kila unachouziwa ni nakala. Nakala nyingine hazielewi amri zote, na zinazoshindwa ni zile zile amri zinazohitajika na Noah ya zamani. Maandishi ya toleo yaliyobandikwa juu yasikudanganye, kibandiko mtu yeyote anachapa. Yangu ya kwanza, ya bluu, ndogo kama kiberiti, iliwaka taa zake vizuri na haikusoma kitu. Mwenye duka akubali ujaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, au akubali kurudishiwa. Wenye iPhone, chukueni ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE. Ile ya Bluetooth ya kawaida haitaunganika.

Namba mbili ni mashine ya mkononi yenye waya na kioo chake, za akina Launch CReader, Autel au Konnwei. Kama Noah yako ni ya 2007 kuja juu, au familia ina magari mawili matatu ya aina tofauti, ipandishe iwe ya kwanza. Haina mambo ya chaji ya simu wala programu. Mzee asiyependa kuhangaika na simu atachomeka, atawasha swichi, atasoma.

Waya wa Mini VCI pamoja na kompyuta yenye Techstream, programu ya Toyota ya kupimia magari yake, ni wa tatu. Unaingia ndani ya Toyota kuliko vyote nilivyotaja, lakini kufunga programu yake kunachosha, na gari la jirani lisilo Toyota halikuhusu. Mpenda kompyuta atafurahi.

Mashine kubwa kama kishikwambi, za X431, waachie mafundi. Mlipe mwenye nayo akupimie, mradi akuonyeshe namba uiandike kwenye karatasi kabla hajafuta. Ukifuta kabla ya kuandika umepoteza ushahidi. Na ukienda kununua gari la mkononi mwa mtu, mashine ikionyesha kwamba vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe bado havijakamilika, muulize lini alichomoa betri, maana ikichomolewa huanza upya.

Wenye Noah zile za kwanza za kabla ya 2001, msinunue kitu. Kwenye nyingi kuna kiboksi cha kupimia. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa inavyometa. Mara mbili, kimya, mara moja: hiyo ni 21, oksijeni sensa. Kumi na nne ni mambo ya moto wa plagi. Soma vizuri maandishi ya kwenye mfuniko, usichomeke waya kwa kubahatisha.

Mashine yoyote utakayochukua, ikiwaka taa ya njano imetulia na gari linakwenda vizuri, fika nyumbani ukapime. Ikiwaka na kuzima kama yangu ya Mingoyo, injini inamisi na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Mimi sikusimama, pilau ilikuwa inatusubiri Lindi, na sasa mashine inaniandikia P0420, yaani masega hayo hayasafishi moshi inavyotakiwa.