Mifuko ya mapazia ya mtumba pale Ilala, nimeitumia miezi nane sasa

Kila nikienda sokoni lazima mtu aniulize huu mfuko wa maua nimeutoa wapi, sasa naandika hapa wote msome. Kuna mama mmoja fundi Ilala, jirani na soko la Karume, anakaa barazani na cherehani yake ya miguu anashona mifuko ya kubebea vitu kwa mapazia na mashuka ya mtumba. Hana bango, ukifika maeneo yale uliza fundi wa mifuko ya mapazia utaonyeshwa. Nimenunua minne kwa hela yangu na ninaitumia kila wiki.

Tangu rambo zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 nimekuwa nanunua ile mifuko mbadala kama watu wote, jero hapa, buku pale, na ukiangalia vizuri mingi mishikio yake haijashonwa, imegandishwa tu kwa moto, ukiweka viazi na nazi kabla hujafika kituoni mkono mmoja umeshaachia. Na ile nayo ni plastiki, ni polipropilini iliyotengenezwa ifanane na kitambaa. Nyumbani nilikuwa na rundo chini ya sinki, yote mishikio imekatika, hata kutupa naona uchungu.

Afu nikanunua mfuko wa kitambaa sehemu nyingine kabisa, sio kwa huyu mama, mzuri wa kuangalia, nikashuka nao kwenye daladala Buguruni ukapasuka katikati. Sio mshono, kitambaa chenyewe! Mchele nimeuokota kwenye mtandio.

Nilivyomsimulia mama fundi hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, lile lilikuwa pazia la juani." Akachukua pazia moja kwenye rundo lake akalishika kwa mikono miwili akalivuta kwa mshazari, nikasikia kabisa nyuzi zinakatika, na rangi yake bado inang'aa. Pazia likikaa dirishani miaka linapigwa na jua nyuzi zinachoka, sana sana ule upande unaotazama nje. Kwa hiyo yeye kila kipande anakivuta kwanza kabla hajakata. Mashuka nayo anayainua kwenye mwanga, pale katikati watu wanapolalia pamekwisha, panaonyesha upande wa pili, anapakata anapaweka pembeni anatumia kingo. Haya mambo sikuwahi kuyajua na nimekaa na mapazia maisha yangu yote.

Hapo ndo nilipoelewa kwanini mifuko yake inadumu. Sindano anatumia namba 16 kwa vitambaa vizito, na mishikio haiishii mdomoni mwa mfuko kama tulivyozoea, inashuka mpaka chini inapita chini ya kitako inapanda upande wa pili, yaani mzigo wote unabebwa na ule mkanda, kitambaa kinashikilia tu vitu visidondoke. Pale mshikio unapoachana na mfuko ameshona mraba na ndani yake msalaba. Ndani hakuna nyuzi zinazoning'inia, pindo limekunjwa mara mbili, na ule utepe mgumu wa juu ya pazia hautupi, anauzungushia mdomoni mfuko unasimama wenyewe ukiwa unapanga vitu. Kwenye mmoja kaniachia na zile pete za chuma za pazia, naning'iniza kwenye msumari jikoni.

Nimeupima kweli kweli. Mchele kilo 10, nazi nne, vitunguu na mafungu mawili ya mchicha juu yake, kutoka sokoni mpaka nyumbani Tabata, na hapo kuna daladala ya kusimama na bodaboda. Mishikio ni mipana, haikati vidole, unaweka begani unaendelea na safari. Nimeshaifua mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu na mshono hata mmoja haujaachia.

Bei: wa shuka ambao unakunjika unaingia kwenye mkoba ni 2,500, wa pazia zito 4,000, wa kitambaa cha kochi 6,000. Najua kuna mtu atasema elfu nne kwa mfuko ni nyingi, lakini mimi nilikuwa natoa buku kila Jumamosi, fanya hesabu mwenyewe.

Ambayo sijayapenda nayo niyaseme. Ule wa kitambaa cha kochi ni imara sana ila ni mzito hata ukiwa mtupu, na masika nimeuanika siku tatu ndo ukakauka, kwa mtu asiye na sehemu ya kuanikia usichukue huo. Mfuko wangu mwekundu ulichuja rangi ukaharibu taulo, mama anasema anafua vitambaa vyote kabla ya kukata ili viwe vimesharudi kabisa na rangi iishe, lakini huo rangi haikuisha, kwa hiyo za kukoza fua peke yake mara mbili tatu za mwanzo. Midomo iko wazi, haina kifungo wala zipu, kwenye daladala ikifunga breki ndimu zinatembea chini ya viti. Na samaki usithubutu, ukienda Feri beba ndoo, maji ya samaki yanapita kwenye kitambaa na harufu haitoki kirahisi. Pia ahadi zake ongezea siku tatu, akikuambia Jumatano nenda Jumamosi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, unaweza kumpelekea kitambaa chako mwenyewe ukalipia ufundi tu, mimi nililipa 1,500 kwa mfuko. Tulivyohama nyumba madirisha ya huku yakawa madogo, mapazia ya sebule ya zamani yakabaki kwenye sanduku. Nikampelekea moja la upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili na kitu, likatoa mifuko minne na mishikio yake, nimewagawia wadogo zangu. Moja lile lenye mpira mweupe kwa nyuma, la kuzuia mwanga, akalikataa palepale, alilikwaruza kwa kucha ule mpira ukatoka kama ukoko, akasema utakuja kubanduka wote uingie kwenye unga na mchele. Angeweza kushona tu akachukua hela yangu na nisingejua, na hapo ndo nimempenda zaidi.

Ukienda nenda mchana kuanzia saa sita, asubuhi huwa yuko Karume anawahi belo likifunguliwa achague mapazia kabla hayajashikwa shikwa. Mimi nimeagiza mingine miwili, nimemuomba aweke kifungo na kitanzi mdomoni, kasema Ijumaa, nitaenda Jumatatu.